Mbona viumbe wengine hawaendani na mahali wanapoishi? Maswali na majibu

Shuleni tulifundishwa kuwa uteuzi asilia hubakiza wanaofaa. Mbona basi kuna viumbe wasiofaa mahali walipo?

Uteuzi hauumbi kitu. Unachambua kilichomo kundini, na unachambua kwa mahitaji ya leo tu. Kama jeni inayotakiwa haimo, hakuna cha kuchagua. Halafu kuna suala la kasi: mbu hukamilisha kizazi kwa wiki mbili hivi penye joto, ndiyo maana huzoea dawa upesi. Tembo jike huzaa mara moja kwa miaka minne au zaidi. Mazingira yakibadilika ndani ya miaka kumi, tembo ameshaachwa.

Tembo wasio na pembe wa Gorongosa, hifadhi ya Msumbiji, wamepata au wamepoteza?

Yote mawili. Wakati wa vita vya Msumbiji (1977–1992) tembo waliuawa kwa ajili ya pembe, idadi ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Asiye na pembe hakuwa na thamani kwa mwindaji, akabaki akizaa. Majike wa namna hiyo walipanda kutoka kama asilimia 18 hadi karibu nusu ya majike wote.

Vita vikaisha, jeni ikabaki. Utafiti unaonyesha kuwa imo kwenye kromosomu ya X (jike anazo mbili, dume moja), na kiinitete cha dume kikiirithi hufa tumboni. Kwa hiyo mama mwenye jeni hiyo hupoteza takriban nusu ya watoto wake wa kiume. Na pembe zenyewe ni vifaa vya kazi: kubandua magome, kufukua maji kwenye mchanga wa mto uliokauka.

Tunaishi Uingereza, malaria hakuna. Kwa nini watoto wetu bado wanazaliwa na seli mundu?

Jeni ya seli mundu haijui kuwa mmehama. Mwenye nakala moja (AS) kwa kawaida ni mzima, na penye malaria hukingika sana dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo ndiyo iliyoilea jeni hii Afrika. Mwenye nakala mbili (SS) ndiye mgonjwa. London faida haipo tena, madhara yako palepale, na jeni haipungui haraka kwa sababu imejificha kwa watu wa AS ambao hawaumwi.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa SS, 50 wa AS na 25 wa AA (asiye na jeni hiyo). Nasema kila mimba: mtoto wa kwanza kuwa SS hakuwalindi wanaofuata. Ombeni kipimo cha aina ya hemoglobini kabla ya kuzaa.

Nina mbuzi majike 20 na beberu mmoja. Watoto wa siku hizi ni dhaifu na majike wanachelewa kushika mimba. Niongeze majike?

Hapana, tatizo lako ni beberu. Piga hesabu: zidisha 4 kwa idadi ya madume, kisha kwa majike, halafu gawanya kwa jumla yao. Kwako ni 80 ÷ 21, yaani 3.8. Zizi la mbuzi 21 linarithishana damu kana kwamba lina wanne! Undugu huongezeka kwa 1 ÷ (2 × 3.8), karibu asilimia 13 kila kizazi. Majike wakifika 40 unapata 3.9 tu. Ongeza beberu wa pili kwa majike walewale 20 na unapata 7.3, undugu unashuka hadi asilimia 7 hivi.

Undugu ukizidi, jeni mbovu zilizojificha hukutana. Simba wa kreta ya Ngorongoro yaliwakuta hayo. Mwaka 1962 nzi wanaouma waliwapunguza hadi kumi hivi, madume saba wakaingia baadaye kutoka nje, kisha wageni wakakoma. Nyama ilikuwa tele, lakini madume wa vizazi vilivyofuata walikuwa na mbegu zenye kasoro kuliko wenzao wa Serengeti.

Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, na mtoto jike anaweza kupata joto (kutaka dume) akiwa na miezi mitano au sita. Kwa hiyo beberu akitimiza miezi kumi zizini, binti zake wanamkaribia: mtoe. Watoto madume watenge au wahasi kabla ya miezi minne. Na ukibadilishana beberu na jirani, uliza kwanza alikomtoa. Mara nyingi ni ndugu wa huyohuyo wako.

Basi nilete Saanen safi, mbuzi wa maziwa wa Ulaya, damu mpya kabisa?

Kama uko penye jua kali na majani haba, usilete. Ngozi yake nyeupe huungua, hasa kiwele, na maziwa yake yanadai chakula usichonacho. Damu ya nje ikizidi huzamisha kilichokuwa kinafaa. Kwenye visiwa vya Ziwa Erie, Amerika Kaskazini, nyoka wa maji wasio na mistari hujificha vizuri juu ya mawe ya chokaa, ila wenye mistari huogelea kutoka bara na kuzaa nao, hivyo watoto wanaoonekana kirahisi hawakomi kuzaliwa.

Penye ukame chukua beberu wa Galla, mbuzi wa nyanda kame, wa ukoo mwingine. Ukitaka maziwa, ishia kwenye chotara, nusu Saanen na nusu mbuzi wako, na jenga kivuli kabla hajafika.