Januari Inatukuta Katikati ya Kazi

Hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna kazi inayoanza tarehe 1 Januari. Mvua zilishaanza kunyesha tangu Oktoba na Novemba. Kasulu na Buhigwe mahindi yako shambani yanasubiri palizi. Akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi wanaendelea kutazama mawingu kama walivyoyatazama Desemba, maana dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka bei inaporomoka. Na mwaka huu wa 2026 umeingia mwezi ukikaribia kujaa. Ulijaa tarehe 3. Dagaa hufuata mwanga wa taa gizani, kwa hiyo mbalamwezi ikitanda ziwani taa hazina kazi na wavuvi hubaki nchi kavu. Usiku ambao mji mzima ulikuwa kwenye mkesha unapokea mwaka, watu wa ziwa walikuwa katikati ya mapumziko yao ya kila mwezi.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa dagaa na mawese, nimekulia Ujiji, na nimeacha kabisa kuandika maazimio ya mwaka mpya. Nataka kukushawishi uyaache nawe, hasa kama kila Januari unaandika orodha ndefu na kila Machi hutaki hata kuiona. Naamini kinachohitajika ni jicho jipya la kuyatazama maisha uliyokwisha kuyaanza.

Hata hiyo tarehe yenyewe ni makubaliano ya watu. Uingereza mwaka wao wa kisheria ulianza Machi 25 hadi walipoubadilisha mwaka 1752. Ethiopia wanaanza mwaka Septemba. Majirani zangu wa Ujiji watapokea Muharram, mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kiislamu, katikati ya Juni, na serikali yetu inafungua mwaka wake wa fedha Julai 1. Kwa hiyo kama Januari imekukuta mgonjwa, umefiwa au umechoka, hujachelewa chochote.

Nieleze nilikojifunza hili. Desemba kwetu ni wakati wa kuvunja vikoba, yaani vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Tunarudisha mikopo, tunagawana hisa na faida, kisha tunafungua mzunguko mpya. Siku ya kufungua, desturi ni kila mwanachama asimame ataje lengo lake la mwaka. Nimesikia malengo mazuri sana katika vikao hivyo: kuezeka nyumba, kununua bodaboda, kupunguza mwili, kuachana na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Tunapigiana makofi. Miezi michache baadaye ukimuuliza mtu lengo lake limefikia wapi anabadilisha mazungumzo, na wengine huanza hata kukwepa vikao.

Mwaka mmoja mwenyekiti wetu, mama mtu mzima aliyeuza mawese tangu wengi wetu hatujazaliwa, alikataa kusikiliza malengo.

"Wanangu, malengo yenu nayajua, ni yaleyale ya mwaka jana," alisema. "Leo kila mtu aniambie mwaka uliopita amejionaje, na mwaka huu anataka kuangalia nini."

Tulikaa kimya. Kisha dada mmoja anayeuza vitenge Mwanga akasema, "Mama, mimi nimeona kwamba nakopesha vitenge kwa sababu naona aibu kukataa."

"Basi angalia hiyo aibu. Inakuja lini, na inakuja kwa nani."

"Sasa mama, nikiiangalia ndiyo madeni yatalipwa?"

"We angalia kwanza. Utaniambia mwenyewe."

Baada ya muda yule dada alituambia kwamba aibu ile humjia zaidi mbele ya mawifi zake, na kwamba siku hizi hutaja bei kabla hawajakishika kitenge. Hakuna mtu aliyempangia hilo. Alilipata kwa sababu alikuwa anaangalia. Kama angesimama siku ile na kusema "mwaka huu sikopeshi mtu," nadhani ahadi hiyo ingevunjwa na wifi wa kwanza kuingia dukani, na baada ya hapo angeona heri aendelee tu kukopesha. Hapo ndipo ubaya wa ahadi kubwa za Januari. Ahadi ni deni, tunasema, na mtu akishalemewa na deni huanza kumkwepa mdai wake. Ubaya ni kwamba mdai mwenyewe ni wewe, na huna pa kumkimbia. Swali, kama lile la aibu inakuja lini, halina kisasi. Ukikaa wiki mbili bila kulikumbuka, linakupokea palepale ulipoliacha.

Sisemi kwamba mwanzo wa mwaka hauna nguvu yoyote. Mwaka 2014 watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walichapisha kazi inayoonyesha kwamba watu hupata msukumo wa kufuatilia malengo yao kila wanapofika kwenye mwanzo fulani: mwaka, lakini pia mwezi, juma, hata baada ya siku ya kuzaliwa. Msukumo huo ni wa kweli, nawe bila shaka umewahi kuuhisi. Ombi langu ni kwamba usiumalize wote kwenye orodha usiku mmoja, kwa sababu mianzo ni mingi. Na ukitaka kujenga tabia, jipe muda. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wanajaribu kujizoesha jambo moja dogo la kila siku, na ilichukua takriban siku 66 kwa mtu wa kawaida jambo hilo kuwa mazoea, huku tofauti kati ya mtu na mtu ikianzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Laiti kila aliyekata tamaa tarehe 9 Januari angeambiwa jambo hilo.

Kuna sababu nyingine, nayo naiona nzito kuliko zote. Orodha ya Januari huandikwa kana kwamba mwaka mzima utakuwa mikononi mwetu. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulipumzishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Fikiria mtu aliyejiapiza Januari kwamba kila mwezi lazima apeleke dagaa Dar es Salaam. Miezi mitatu nzima kiapo chake hakikuwa na pa kusimama, na wapo walioona kama wao ndio walioshindwa. Mimi mwaka ule niliingia na swali: biashara yangu inategemea nini ambacho siwezi kukitawala? Jibu halikuwa gumu, lilikuwa ziwa. Kwa hiyo mwezi wa tano ulipofika nilikuwa nimeshajuana na akina mama wanaokamua mawese vijijini, najua nani mafuta yake hayachanganywi na maji na nani anakubali kulipwa nusu kwanza. Faida haikuwa kama ya dagaa, lakini meza yangu sokoni haikulala wazi. Na ziwa lilipofunguliwa sikuyaacha mawese, mpaka leo nauza vyote viwili.

Sasa, ukitaka kujaribu, anza kwa kuusimulia mwaka uliopita. Usiuhukumu, usimulie tu, kama unavyomsimulia shangazi aliyekuwa safarini. Nini kilikuchosha? Nani alikusaidia na hujarudi kumshukuru? Fedha zilipotea zaidi kwenye nini? Mara nyingi ukisimulia hivyo jambo moja hujirudia mpaka unalisikia mwenyewe, na hilo ndilo la kuligeuza swali. Moja tu. Liwe fupi, liwe lako, na liwe linaweza kujibiwa siku yoyote ya kawaida: "Leo nimekubali nini ambacho nilitaka kukikataa?" "Leo mwili wangu umeniambia nini?" "Leo nimemsikiliza nani mpaka mwisho?" Usiliandike kwenye hali ya WhatsApp. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani, inatosha.

Kisha fanya kama wavuvi. Siku za mbalamwezi hawalali tu, wanashona nyavu, wanatengeneza mitumbwi, wanagawana mapato, wanakaa na familia zao, halafu giza likirudi wanaingia ziwani upya. Hakuna mvuvi anayengoja Januari ili arekebishe wavu uliochanika Aprili. Nami kila mwezi unapojaa natenga jioni moja, nazima simu, nafungua daftari na kujiuliza swali langu limenionyesha nini. Pengine naandika mistari miwili, pengine nagundua swali limeisha kazi na nabadilisha. Mwaka huu nafasi hizo ni 13, kwa sababu Mei mwezi utajaa mara mbili, tarehe 1 na tarehe 31. Nafasi 13 za kuanza tena ni bora kuliko moja.

Jambo ambalo ningependa ulishike hata ukiacha mengine yote ni jinsi unavyojisemesha. Sikiliza maneno unayojiambia unapokosea. "Mimi ni mvivu." "Sisi ukoo wetu hatujui kutunza hela." Maneno ya namna hiyo hufunga mlango, kwa sababu mvivu atafanya nini zaidi ya uvivu? Sema kilichotokea: "Jana sikwenda mazoezini kwa sababu nililala saa saba usiku." Hapo kuna kitu unachoweza kukigusa, yaani ile saa saba.

Na wazazi wenzangu, tuwahurumie watoto. Januari shule zinafunguliwa, matokeo ya NECTA yanatoka, na nyumba nyingi mtoto anakabidhiwa azimio ambalo hakulitunga: mwaka huu lazima uwe wa kwanza darasani. Binti yangu nilimuuliza tofauti, "Mwaka jana ni somo gani lilianza kukuingia?" Akasema jiografia, walipofika kwenye maziwa ya bonde la ufa. Tuliongea mpaka chakula kikapoa, na niligundua kwamba anajua kina cha ziwa letu, mita 1,470, ambacho mimi niliyelelewa kando yake sikuwa nakijua. Hisabati bado inamsumbua. Lakini siku hizi anayataja mwenyewe yanayomsumbua, bila kusubiri niione ripoti.

Kwa wale wanaotaka msimu wa kujitazama pamoja na wengine, mwaka huu una baraka ya pekee. Jumatano ya Majivu ni Februari 18, na Ramadhani inatarajiwa kuanza siku hiyohiyo au inayofuata, kwa kuandama kwa mwezi. Katika mji huu ambao Waislamu na Wakristo tunachota maji bomba moja, karibu kila nyumba itakuwa kwenye toba na kujizuia kwa wakati mmoja. Kama Januari imekuponyoka, ingia nasi hapo.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo sitaki uyafanyie maswali na tafakuri. Dawa za presha zinamezwa kila siku kama daktari alivyoagiza. Sare na madaftari ya mtoto yanataka kiasi na tarehe. Na kama una mkopo wa kausha damu, anza na huo kabla ya kitu kingine chochote nilichokiandika hapa: andika unadaiwa na nani, kiasi gani, na riba inapanda siku gani. Kisha nenda kwa mwenyekiti na mweka hazina wa kikoba chako wiki hii, kabla mikopo ya mzunguko mpya haijaanza kutolewa, uwaonyeshe karatasi hiyo.