Jibu: Kwa nini klarineti ya klezma husikika kama sala?

Ndugu, umeuliza kama wapigaji wa klezma, muziki wa sherehe wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, walichukua nyimbo za sinagogi moja kwa moja. Mara nyingine walifanya hivyo, lakini walichokopa zaidi ni mpangilio wa noti na namna ya kutoa sauti. Mpangilio unaosikika sana, ambao kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi hao, huitwa freygish, makantori (waimbaji wanaoongoza sala) huuita Ahava Raba, kwa jina la sala ya asubuhi. Kati ya noti yake ya pili na ya tatu kuna pengo pana la nusu toni tatu, na hapo ndipo huzuni ile inapozaliwa. Aliyezoea taarab ya Unguja hatashangaa, kwa kuwa pengo hilo ndilo linaloitambulisha Hijazi, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya noti ya Kiarabu.

Katika sinagogi za jadi za Ulaya Mashariki, ala hazikupigwa siku ya Sabato, hivyo sala ilibebwa na koo la kantori peke yake, ilhali wapigaji walipata riziki yao harusini. Huko violini, na baadaye klarineti, ziliiga kwikwi ya kantori, pambo linaloitwa krekhts, yaani mguno wa kilio. Msikilize Naftule Brandwein au Dave Tarras, wapiga klarineti waliorekodi New York katika miaka ya 1920, hasa wanapopiga doina, wimbo wa taratibu usio na mdundo maalumu, ambayo (tusisahau) asili yake ni wachungaji wa Romania wala si sinagogi.