Dripu ya Tatu Imenimaliza

SWALI: Shangazi, nina saratani ya titi, natibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road. Tangu dripu ya tatu ya kemo, zile dawa za saratani, nguvu zimeisha, nywele zimenyonyoka, na kila anayekuja kunijulia hali ananiambia, "Jikaze." Nijikaze vipi? – Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Pole sana, mwanangu. Ugonjwa huo nimeupitia, na hilo "jikaze" nililisikia hadi likanichosha. Ukitaka kulia, lia.

Ujue mwenendo wa dawa. Kama dripu zako ni za kila baada ya wiki tatu, kwa kawaida chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha huanza kupanda tena. Wiki ya tatu ndiyo ya kwenda sokoni, kusuka wanao, kucheka na mashoga. Zile za mwanzo pumzika bila kuona haya, ila tembea kidogo, hata hadi dukani. Kulala kutwa huzidisha uchovu.

Homa ikifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Usimeze Panadol ukangoja kukuche.

Mimi harufu ya vitunguu vikikaangwa ilinitapisha. Kilichopita kooni ni uji wa mchele uliopoa, wenye ndimu. Kichefuchefu kikizidi, mwambie muuguzi kabla hajakuwekea dripu ya nne, dawa za kukizuia zipo. Na hao wa "jikaze" wape kazi: mmoja achote maji, mwingine apeleke watoto shule.