Mshauri nasaha anapovuka mpaka

Nilipofiwa na mume wangu nilikwenda kwa mshauri nasaha mmoja hapa Mombasa, na mwanzoni alinifaa sana. Kisha mambo yakabadilika kidogo kidogo: miadi yangu ikasogezwa hadi baada ya Magharibi, karani akiwa ameshaondoka, ada nikasamehewa bila kuomba, naye akaanza kunisimulia matatizo ya ndoa yake. Siku aliponishika mkono akaniambia hayo yabaki baina yetu, niliinuka nikaenda zangu.

Wanawake kadhaa wamenieleza kisa kama hiki, na karibu wote hujilaumu, wakiamini kwamba kwa kuwa walimpenda, basi waliridhia. Kumpenda anayekusikiliza ukiwa na majonzi ni jambo la kawaida katika tiba. Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya nafsi kwa mazungumzo, aliliandika mwaka wa 1915, akamkataza tabibu kulitumia. Mshauri anazijua hofu zako, talaka yako, hata usingizi unaokukosa, ilhali wewe hujui lake ila lile alilochagua kukuambia. Kwa hiyo wajibu wa kuulinda mpaka ni wake peke yake, hata pale mteja anapokuwa wa kwanza kutamka mapenzi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 24, inamtia hatiani aliyeaminiwa akamshawishi mtu aliye chini ya uangalizi wake kufanya naye ngono, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 10.

Ukiona dalili hizo, usifute ujumbe wake hata mmoja, na uandike tarehe na maneno aliyoyasema. Malalamiko yapeleke kwa Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014, au dawati la jinsia la kituo cha polisi. Ikiwa amekwisha kukuingilia, nenda Hospitali Kuu ya Pwani kabla ya kuoga, kwani dawa za kuzuia Ukimwi hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72. Nambari 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure.

Na usiiache tiba yenyewe. Mimi nilimtafuta mshauri mwingine, mwanamke, nikamweleza yaliyonipata katika kikao cha kwanza, naye akanifafanulia mipaka yake kabla sijamwuliza.