Jibu kwa dada wa Kondele: wewe si mbovu

Dada, umeuliza kwa nini tendo la ndoa limegeuka uchungu tangu bwanako aanze kukupiga, na kwa nini UTI, ugonjwa wa njia ya mkojo, haikomi hata umeze dawa gani. Hapo juu wamekushauri asali na mitishamba. Mimi niliishi katika ndoa ya namna hiyo pale Nyalenda, hapa hapa Kisumu, mpaka nikatoka, kwa hivyo nisikize.

Mwanamke mwenye hofu mwili wake haujiandai. Ute hautoki, misuli ya huko chini inajikaza yenyewe, na akilazimishwa anachubuka. Kwenye michubuko ndipo virusi vya Ukimwi hupenya kwa urahisi. Hamu haijaisha kwa kurogwa. Nani atautamani mkono uliomkaba jana?

Sasa huo ugonjwa wa kurudi-rudi. Wangu ulikuwa kisonono: nilikuwa natibiwa, napona, halafu nalala na mtu yule yule ambaye hajameza hata kidonge. Kondomu hakutaka kuisikia. Kliniki nikirudi naambiwa, "Mlete mwenzako." Nimlete vipi? Kutamka tu kwamba nimepatikana na kisonono kungeniletea kipigo na jina la malaya, ilhali aliyeuleta ni yeye. Nilikuwa naitikia "sawa" na kwenda zangu. Mambo yalibadilika siku nilipomwambia nesi mwingine ya nyumbani. Alifunga mlango, akanipima virusi, akauliza kama nina pa kulala, na habari ya kumleta mume akaiacha. Ndiyo maana nakusihi: ukiingia kwa daktari, taja maumivu na kipigo kwa pamoja. Akisikia maumivu peke yake atakuandikia dawa zile zile. Na maambukizi yakipanda hadi kwenye mirija ya uzazi huacha maumivu ya tumbo ya kudumu, pengine hata utasa, halafu atakayekutukana tasa ni huyo huyo.

Tembe zangu za kupanga uzazi alizitupa chooni. Nikahamia sindano ya miezi mitatu, kadi ikabaki kwa nesi. Mtasema nilimdanganya mume. Semeni.

Akikulazimisha bila kinga, usingoje asubuhi. Dawa za kuzuia virusi huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28; za kuzuia mimba hufaa zaidi ukiwahi, mwisho siku 5. Nenda Russia, yaani hospitali ya Jaramogi, moja kwa moja, matibabu hayangoji ripoti ya polisi. Usioge kwanza, na nguo ulizovaa zibebe kwenye bahasha ya karatasi, huo ni ushahidi.

Yule aliyeandika kwamba mume hawezi kumbaka mkewe, kwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ana hoja: kwenye ubakaji, waliooana kisheria wameachwa nje, na mimi naona ni aibu. Lakini hakusoma ile ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Hiyo inataja ukatili wa kingono ndani ya ndoa waziwazi, na mahakama inaweza kumwamuru akae mbali nawe. Hata wakwe kuingilia ndoa imo.

Namba ya msaada ni 1195, bure, usiku na mchana. Kama bwanako hukagua simu yako, tumia ya jirani unayemwamini. Na ukitaka kuniandikia faraghani, niambie kwanza ni saa ngapi huwa hayuko nyumbani.