Pingili, mikono na vyuo: majibu ya maswali yenu kuhusu kairopraktiki

Tangu safu hii izungumzie maumivu ya kiuno kwa watu wanaoketi muda mrefu, barua zinazouliza kuhusu kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma pingili (mifupa midogo ya uti wa mgongo) kwa mikono, hazijakoma, nami nimechagua sita. Kabla sijajibu, msomaji ajue kwamba mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, taaluma jirani ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikigombea mgongo uleule na hiyo inayoulizwa, basi ayapime majibu yangu akikumbuka hilo.

Mimi ni dereva wa lori, safari zangu ni Mombasa hadi Malaba. Mtaalamu wa kairopraktiki ameniambia kwamba pingili mbili za kiuno changu zimetoka mahali pake, na kwamba ndizo zinazoniletea hata kiungulia. Je, pingili huhama kweli? (Dereva, Mombasa)

Ipo pingili inayoteleza kweli, ama kwa ajali ama kwa udhaifu wa mfupa, na hiyo huonekana wazi kwenye picha wala hairudishwi kwa msukumo wa mkono. Uliyoambiwa wewe ni jambo jingine, ambalo wenye taaluma huliita sablaksesheni, na ili kulielewa hatuna budi kurudi lilikoanzia.

Tarehe 18 Septemba 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akijipatia riziki kwa tiba ya sumaku, alimsukuma uvimbe wa mgongoni Harvey Lillard, msafishaji wa jengo ambaye alikuwa hasikii vizuri kwa miaka mingi. Palmer alieleza kwamba baada ya msukumo ule Lillard alianza kusikia magurudumu ya magari ya farasi barabarani. Kutokana na kisa hicho alijenga nadharia nzima: pingili ikikaa upande hubana neva, neva ikibanwa uhai haupiti sawasawa, na mtu huugua. Alifika mahali akaandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote hutokana na pingili zilizokaa vibaya. Ugumu wa kisa chenyewe ni kwamba neva ya kusikia hutoka kwenye ubongo moja kwa moja hadi sikioni, bila kupita mgongoni kamwe, na Palmer hakuwahi kulijibu hilo kwa namna ya kumridhisha mwanafunzi yeyote wa anatomia.

Mwaka 2010 Baraza Kuu la Kairopraktiki la Uingereza, yaani chombo chenyewe kinachowasajili wataalamu hao, lilitamka kwamba sablaksesheni ni dhana ya kihistoria iliyobaki kuwa nadharia, isiyo na ushahidi wa utafiti wa kitabibu wa kumruhusu mtu kudai kuwa ndiyo chanzo cha maradhi. Kwa hiyo kiungulia chako kipeleke kwa daktari wa kawaida, na umweleze pia unakula nini na saa ngapi ukiwa njiani. Kiuno ni habari tofauti. Chuo cha Madaktari wa Marekani, ambacho ni chama cha madaktari wala si shule, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kiliiweka tiba ya kusukuma pingili miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno, na Shirika la Afya Duniani liliitaja katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Faida yake ni ya kadiri, takriban sawa na ile ya mazoezi, lakini ipo, na dereva wa masafa marefu haikosi thamani kwake.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita na amevutiwa na fani hii. Tumesoma kuhusu vyuo vya nchi mbalimbali na kila kimoja kinaeleza jambo lake, hata tukadhani ni fani mbili tofauti. Kwa nini? (Mzazi, Arusha)

Hamkudhani vibaya. Mgawanyiko huo una umri karibu sawa na fani yenyewe. Palmer alifungua shule yake Davenport mwaka 1897, na kozi za mwanzo zilihesabiwa kwa wiki na miezi. Mwanawe, Bartlett Joshua, aliyeiongoza shule baada yake, alishikilia kwamba kazi ya fani hii ni moja tu: kuitafuta sablaksesheni na kuiondoa kwa mikono, basi. John Howard, aliyekuwa amesoma katika shule hiyohiyo, hakukubali. Mwaka 1906 alianzisha shule yake, na mwaka 1908 akaihamishia Chicago, akitaka wanafunzi wafundishwe sayansi za mwili kwa kina na waruhusiwe kutumia pia mazoezi, lishe na tiba za maji. Kambi ya Davenport ilijiita ya walionyooka, na wale wengine wakabandikwa jina la wachanganyaji, kwa kejeli, kana kwamba wametia maji kwenye maziwa. Majina hayo yanatumika mpaka leo. Mwaka 1973, wakati vyuo vingi vilikuwa vimeshaelekea upande wa wachanganyaji, kilianzishwa chuo cha Sherman huko Spartanburg, South Carolina, kwa kusudi la kuulinda msimamo wa walionyooka.

Mtu anaweza kuuliza, ugomvi wa wazee wa Iowa unamhusu nini binti wa Arusha? Unamhusu kwa sababu huamua atafundishwa kumwonaje mgonjwa. Aliyefunzwa kwamba kila mwili una sablaksesheni ataipata kwa kila atakayeingia mlangoni, mzima na mgonjwa, na atamwona mara kwa mara maisha yake yote. Aliyefunzwa kwamba yeye ni mtaalamu wa mifupa, viungo na misuli ataanza kwa kuuliza maumivu yalianzaje, atapima nguvu za miguu, ataangalia kama tatizo liko ndani ya uwezo wake, na atakuwa na siku ya kumwambia mgonjwa kwamba sasa inatosha.

Idadi ya saa haiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 ulipendekeza mafunzo kamili yasiyopungua saa 4,200, na ndani yake saa zisizopungua 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Vyuo vya Marekani vya pande zote mbili hutimiza kiwango cha namna hiyo. Afadhali kutazama mwanafunzi anasoma pamoja na nani. Katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark, mjini Odense, ambako programu ilianza mwaka 1994, wanafunzi wa kairopraktiki husoma miaka ya mwanzo bega kwa bega na wale wa udaktari. Zurich, Uswisi, ilifuata njia ya aina hiyo tangu mwaka 2008, na sheria ya nchi hiyo inaihesabu kairopraktiki kuwa taaluma ya kitabibu ya chuo kikuu, pamoja na udaktari, udaktari wa meno, famasia na tiba ya mifugo. Marekani vyuo vingi husimama peke yake, nje ya vyuo vikuu vya umma. Mwaka 2005 bodi inayosimamia vyuo vikuu vya Florida ilikataa pendekezo la kufungua shule ya kairopraktiki katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, baada ya maprofesa wengi kupinga. Mwanafunzi anayekula meza moja na watakaokuwa madaktari hulazimika kueleza kila siku anachokiamini na kwa ushahidi gani, na sijui zoezi la akili linalolipita hilo.

Kwa binti yako, njia iliyo karibu zaidi ni Afrika Kusini. Mafunzo yalianza Durban mwaka 1989, katika taasisi ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban, na yapo pia Chuo Kikuu cha Johannesburg. Mwanafunzi husoma shahada ya kwanza kisha ya uzamili, takriban miaka sita kwa jumla, huandika tasnifu ya utafiti na huhudumia wagonjwa katika kliniki ya chuo. Kabla ya kulipa ada popote, mwandikieni mkuu wa idara mumuulize sablaksesheni inafundishwa kama historia au kama ukweli. Jibu la sentensi mbili litawafunza kuliko kijitabu chote cha kujinadi. Iulizeni pia mamlaka ya nchi yenu cheti hicho kitasajiliwa vipi akirudi nyumbani.

Kwenye mlango wake kumeandikwa "Dokta". Je, ni daktari? (Mwalimu, Nakuru)

Shahada ya Marekani ya fani hii huitwa ya udaktari wa kairopraktiki, na aliyeihitimu ana haki ya kuitwa dokta kama ilivyo kwa daktari wa meno. Si daktari wa tiba kwa maana uliyoizoea hospitalini: kwa kawaida haandiki dawa wala hapasui. Mwenye staha hukueleza hilo kabla hujamuuliza.

Ule mlio wa "ko!" mgongoni ni mfupa unaorudi mahali pake? (Mshonaji, Zanzibar)

Sio. Unapoalisha vidole vyako unasikia kitu hichohicho. Mgonjwa hulazwa ubavu, mguu wa juu ukakunjwa hadi goti lining'inie ukingoni mwa kitanda, bega likasukumwa nyuma kidogo huku nyonga ikivutwa mbele, mpaka mikono ya mtaalamu ihisi kwamba kiungo kimefika mwisho wa ulegevu wake. Hapo hutoa msukumo mmoja mfupi, wa kasi, usiosafiri mbali. Nyuso za kiungo huachana ghafla, gesi iliyoyeyuka katika ute wake hufanya uwazi, na ndio mlio. Kiungo kinaweza kualika bila nafuu yoyote, na nafuu inaweza kuja kimyakimya.

Nilipigwa picha ya eksirei ya mgongo mzima kabla hata sijaulizwa ninaumwa wapi, kisha nikashauriwa nilipe vikao 40 kwa mkupuo ili nipunguziwe bei. Nifanye nini? (Karani, Dar es Salaam)

Usilipe. Desturi ya kupiga picha kila mgongo ina mizizi yake Davenport, ambako mashine ya eksirei iliingizwa shuleni mwaka 1910 ili kuisaka sablaksesheni. Miongozo ya leo haitaki picha kwa maumivu ya kawaida ya kiuno yasiyo na dalili za hatari, kwa kuwa karibu kila mtu mzima ana kasoro fulani kwenye picha hata kama haumwi popote. Kuhusu vikao, mtaalamu makini hukubaliana nawe vichache, kisha mnapima pamoja: je, sasa unainama kuvaa viatu, unalala usiku kucha, unakaa ofisini hadi adhuhuri? Pasipo mabadiliko baada ya wiki chache, njia ibadilishwe. Anayeuza vikao 40 siku ya kwanza hawezi kuwa ameshajua mgongo wako utahitaji vingapi, na sina haja ya kulisema hilo kwa lugha ya upole zaidi.

Msomaji mwingine aliuliza kuhusu shingo na watoto wachanga, nami namjibu hapahapa. Msukumo wa kasi shingoni umehusishwa, kwa nadra, na kuchanika kwa ukuta wa ateri za shingo na kiharusi. Watafiti hawajakubaliana ni mara ngapi msukumo ndio chanzo na ni mara ngapi mgonjwa alikwenda kwa sababu ateri ilikuwa tayari inauma. Mwenye maumivu mapya, makali, yasiyofanana na aliyowahi kuyapata shingoni au kichwani, asikubali kusukumwa. Watoto wachanga sioni sababu ya kuwasukuma pingili hata kidogo. Australia, mwaka 2019, bodi ya fani yenyewe iliwazuia wanachama wake kufanya hivyo kwa watoto walio chini ya miaka miwili wakati suala likichunguzwa.

Mume wangu ana maumivu katikati ya mgongo mwezi wa tatu sasa. Jioni hupata homa, usiku hutoka jasho, na amekonda. Bibi amemchua kwa mafuta bila nafuu. Nimpeleke kwa mtaalamu wa kairopraktiki? (Mama, Morogoro)

Hapana, mama, na bibi naye asimchue tena kwa sasa. Maumivu yasiyotulia hata akilala, pamoja na homa ya jioni, jasho na kukonda, yanatufanya tufikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaokula pingili kutoka ndani hadi zikaporomoka. Vibiongo vingi tulivyoviona utotoni vilitokana nao. Pingili iliyoliwa namna hiyo ikisukumwa inaweza kuubana uti na kumpoozesha. Mtaalamu wa kairopraktiki aliyefunzwa vizuri asingemgusa. Angewaandikia barua ya hospitali.

Mpeleke hospitali ya mkoa wiki hii, mweleze daktari homa na jasho kabla ya kuutaja mgongo, na umwambie kama nyumbani au kazini kuna aliyewahi kuugua kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali na ugonjwa hupona, ingawa matibabu ni ya miezi mingi. Na usiku wowote akisema miguu imekufa ganzi au mkojo umegoma, msingoje asubuhi.