Barua kwa Mwanangu: Neno Lililotoka Kundini

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma usiku, nikairudia asubuhi. Umeniomba radhi kwa kunisumbua na "swali dogo la Kiingereza". Si dogo, wala hujanisumbua. Miaka yote niliyofanya kazi ya kutafsiri, maswali ya namna hii ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Unasema uliandika ripoti ya kumsifu mwenzako kazini, ukauita mchango wake "egregious contribution". Msimamizi wako akalizungushia neno duara na kuandika pembeni, "Una hakika?" Ukafungua kamusi, ukakuta kwamba neno limetoka katika Kilatini na maana yake ya asili ni kilicho bora, kilichojitokeza kati ya wengi. Sasa unauliza: kama asili yake ni ubora, nimekosea wapi?

Umekosea kwa sababu, bila kukusudia, uliwaambia wakubwa wa mwenzako kwamba alichokifanya ni kibaya mno, kibaya cha kumshangaza kila anayekijua. Hiyo ndiyo maana ya egregious leo.

Hata hivyo, kamusi haikukudanganya. Kwa Kilatini, grex ni kundi la mifugo, na ex ni nje ya. Egregius alikuwa mnyama unayemwona tangu mbali kwamba huyu si kama wenzake, na Warumi walimsifu mtu kwa neno hilo. Kundi hilohilo limezaa maneno mengine unayoyajua: congregation, watu waliokusanyika pamoja, segregate, kutenga kando, gregarious, mtu apendaye kuwa na wenzake. Waitaliano mpaka sasa huanza barua rasmi kwa Egregio, na anayeandikiwa huona ameheshimiwa.

Waingereza nao walianza kwa heshima. Katika tamthilia ya Christopher Marlowe iliyochapwa mwaka 1590, mfalme anawaita watawala walio chini yake egregious, na hawatukani. Katika Cymbeline ya Shakespeare, iliyochapwa mwaka 1623, neno hilohilo limetangulia neno muuaji. Kwa muda maana zote mbili ziliishi pamoja, kisha ile njema ikafifia. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kejeli. Unajua mtoto akivunja kikombe tunavyomwambia, "Hongera, umefanya kazi nzuri!" Sifa ikitumika hivyo kwa miaka mingi, watu husahau kwamba iliwahi kuwa sifa.

Usidhani ni Kiingereza tu chenye tabia hiyo ya kuchagua upande. Chukua kubobea na kukubuhu. Yote mawili yanamhusu mtu aliyezama katika jambo mpaka limekuwa sehemu yake. Lakini mwalimu amebobea, na mwizi amekubuhu. Nimewahi kusoma "daktari aliyekubuhu" mahali ambapo mwandishi alikuwa anasifu kwa moyo mweupe, na sikio langu likakataa kabla akili haijajua kwa nini. Hakuna aliyenifundisha darasani kwamba kukubuhu ni kwa walevi, wezi na waongo. Nimelisikia miaka yote likitembea nao, basi. Msimamizi wako naye aliposoma sentensi yako alisikia hivyohivyo.

Hapo ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu wewe una mazoea (uliyatoa kwangu, nayakubali) ya kulijua neno kwa mzizi wake. Mzizi ni mtamu, na husaidia kumbukumbu sana. Sasa hutamsahau yule mnyama nje ya kundi. Ila mzizi unakueleza neno lilizaliwa wapi. Haukuelezi linaishi na nani sasa. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa wale linaofuatana nao, na miaka 30 baadaye, mwaka 1987, ikatoka kamusi ya COBUILD, ambayo John Sinclair na wenzake katika Chuo Kikuu cha Birmingham waliitunga kwa kukusanya maandishi mengi ndani ya kompyuta na kutazama kila neno linakaa karibu na lipi. Ukilitazama egregious kwa jicho hilo, utaona jirani zake: error, violation, abuse, misconduct, breach. Kosa, ukiukaji, unyanyasaji, utovu wa maadili, uvunjaji wa makubaliano. Hakuna hata mmoja wa kumwalika nyumbani.

Nikuongezee mambo ambayo kamusi nyingi hazitakuambia kwa uwazi. Egregious halifai kwa kosa dogo. Herufi iliyorukwa katika barua si egregious error. Daktari kupasua mguu usio na ugonjwa na kuuacha ule unaoumwa, hiyo ndiyo. Tena lazima pawepo mtu wa kulaumiwa. Tetemeko la ardhi, hata likiua maelfu, haliitwi egregious, kwa sababu hakuna aliyelifanya. Lakini mjenzi aliyejua nguzo ni dhaifu akanyamaza, kitendo chake kinaitwa hivyo bila kusita. Ndiyo maana utalikuta sana katika hukumu za mahakama na ripoti za uchunguzi: ni neno la mtu anayehukumu. Unapolitumia, umeshatoa hukumu, hivyo uwe na ushahidi mkononi.

Halafu kuna ndugu yake wa karibu, flagrant, ambalo watu hulichanganya nalo. Hilo limetoka kwenye Kilatini cha kuwaka moto. Flagrant hubeba zaidi ule ujeuri wa kutenda waziwazi bila hata kujificha. Egregious hubeba uzito wa ubaya wenyewe. Mtu anaweza kufanya egregious fraud, ulaghai mkubwa, gizani kwa miaka 10 bila kuonekana na yeyote. Mimi nikilitafsiri egregious kwa Kiswahili hubadilisha kulingana na jirani yake: ukiukaji wa kupindukia, kosa kubwa lisilovumilika, uongo wa kutisha. Sijapata neno moja la Kiswahili linalokaa kila mahali, na nimeacha kulitafuta.

Kulitamka ni rahisi kuliko kuliandika. G ya kwanza ni ya gari, ya pili ni ya jina: i-GRI-jas. Mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika maneno yetu, kwa hiyo ulimi wako utafika wenyewe.

Umesema umeona aibu mpaka umefikiria kurudi kwenye maneno mepesi tu. Tafadhali usifanye hivyo. Nikiwa na umri wako nilimwandikia mzee mmoja aliyenisaidia sana, nikamshukuru kwa "the enormity of your kindness". Nilitaka kusema ukubwa wa wema wake. Rafiki aliyeona nakala ndiye aliyenieleza kwamba enormity, kwa waandishi waangalifu, ni uovu uliovuka mipaka. Nalo ni ndugu wa neno lako: ex tena, na norma, kifaa cha seremala cha kuhakiki kona. Kilichotoka nje ya kipimo. Leo wengi wanalitumia kwa ukubwa tu na kamusi zimewakubali, lakini mimi siku ile nililia. Mzee yule hakuwahi kulitaja. Nilimwandikia upya baada ya wiki mbili kwa maneno niliyokuwa na hakika nayo, na tangu hapo nikajiwekea utaratibu: neno jipya naliandika katika daftari pamoja na sentensi nzima nilimolikuta, nasubiri nilikute kwa waandishi wengine kama watano, ndipo nalitia kalamuni. Daftari hizo bado ninazo. Ukija nitakuonyesha.

Kuhusu ripoti, mwambie msimamizi wako ukweli, kwamba ulifuata maana ya zamani. Kisha badilisha neno moja tu: "outstanding contribution". Utacheka ukiligundua, kwa maana nalo ni kusimama nje ya wengine, picha ileile ya Warumi, isipokuwa hili limebaki na heshima yake. Tahadhari tu usiliweke mbele ya debt, maana hapo ni deni ambalo bado halijalipwa. Mwenzako naye, kama aliiona ile ya kwanza, mweleze mwenyewe kabla hajaelezwa na mwingine.

Na kabla ya Jumapili niandikie sentensi tatu zako za egregious, zote kuhusu mambo uliyoyaona kwa macho yako. Nitazisoma kwa kalamu ya risasi.

Mama yako